Kioo cha Miwani

Butembo, 9 Machi 2025

Kasoki, mdogo wangu,

Nakuandikia tukiwa tumeingia Kwaresima, nami nakuombea uwe na nguvu ya kuifikia Pasaka. Sisi huku tunapumua. Wifi yako Kaswera presha imempanda tena. Daktari amemkataza chumvi, lakini nikigeuka tu nasikia kijiko kinagonga kopo. Mvua ni nyingi na malori yanalala njiani.

Mama Nasiba, yule mchuuzi anayepita kati ya huko na huku, alituma neno kwamba u mzima, na kwamba umehamia nyumbani kwangu Himbi, hapohapo Goma, baada ya bomu kung'oa paa lako. Pole sana. Simu yako haipatikani, na wanaosafiri wanasema simu zinapekuliwa kwenye kila kizuizi, mtu anafungwa kwa picha moja. Basi tumerudi kwenye karatasi kama enzi za marehemu baba. Mama Nasiba ataichukua hii sokoni Kiwanja kutoka kwa madereva wa huku, naye akiwa na yako ataiacha hapohapo.

Sasa sikiliza kuhusu nyumba. Nyumba inayoonekana haina watu inachukuliwa, na ukishachukuliwa nyumba Himbi utaidai mpaka uzeeke. Kwa hiyo kila asubuhi fungua madirisha ya vyumbani, yale ya kuteleza, ufagie vumbi kwenye reli zake yasikwame. Yale ya nako jikoni, vipande vyake vya kioo ulaze vyote upande mmoja. Kimoja kikisimama na kingine kikilala, nyumba inafanana na mdomo wenye mapengo. Na kioo kikubwa cha sebuleni kinachotazama ziwa, kioshe kwa maji na gazeti, usitumie kitambaa.

Nakujua, utataka kuning'iniza rido, hayo mapazia yako. Usitoboe ukuta wangu. Madirisha yote ya upande wa ziwa, hadi la chooni, nimeweka kioo cha miwani. Ndiyo mtindo wa sasa. Aliye ndani anaona ziwa lote, aliye nje anaona uso wake mwenyewe. Kioo hicho ndicho rido. Nimeuza madirisha maisha yangu yote, na sitaki nyumba yangu ifunikwe vitambaa kama kitanda cha bibi arusi.

Mwanetu Gauthier alitupigia simu siku Goma ilipokuwa inatekwa, akasema yeye na wanafunzi wenzake wanaondoka kwenda Kampala. Tangu hapo simu yake imezimwa. Mimi sina wasiwasi, vijana ni wazembe wa simu. Ni mama yake tu. Ukisikia lolote, andika.

Kaka yako,
Constant


Goma, 30 Machi 2025

Yaya Constant, kaka yangu,

Barua yako imefika, imefunguliwa njiani na kugandishwa tena kwa ugali. Aliyeigandisha hajui kusonga, maana kuna madonge. Kwa hiyo nakusalimu wewe na wifi Kaswera, na nawasalimu pia wote watakaoisoma hii kabla yenu.

Binti yangu Bénie amejifungua msichana huko Bukavu. Sijamwona, naambiwa ana paji la uso la mama yetu. Kwangu hakuna kilichobaki isipokuwa cherehani, nayo ilipona kwa sababu nilikuwa nimeisukumia chini ya meza. Wateja wa rido hawapo. Watu wanashona sanda.

Hapa kwako siko peke yangu. Niko na Kamate, analala chumba cha nyuma. Alikuwa aende mbali, njia ikamkatalia, akarudi kwa miguu. Hatoki nje hata uani. Siku hizi mwanamume mwenye nguvu zake akionekana barabarani anapandishwa lori, na wanaopandishwa hawajarudi kutusimulia. Anakula, namshukuru Mungu. Maharagwe bado anayamenya ngozi moja moja na kuzipanga kando ya sahani. Unamjua.

Kuhusu Kampala sina la kuandika. Mwambie wifi asihangaike na Kampala. Usiniulize tena jambo hilo kwenye karatasi.

Sasa naja kwa ombi langu, na ujue sifanyi biashara. Nataka rido nzito kwenye madirisha ya upande wa ziwa, sebuleni na chumba cha nyuma. Zege lako halipokei msumari, nimepinda yote niliyokuwa nayo. Nilijaribu shuka, nikalibana kwenye fremu kwa vibanio vya nguo, lakini taa ikiwaka linaonyesha kivuli cha mtu na kila anachofanya, na upepo wa ziwa ukivuma linaanguka. Fimbo za rido, mashine ya kutoboa na kitambaa kizito viko kwenye depo yako ya bidhaa, na Bagalwa, sentineli wako anayeilinda, hafungui bila neno lako lililoandikwa kwa mkono. Nisingekuomba kama si lazima. Andika neno hilo, Yaya, ulitume upesi.

Mdogo wako,
Kasoki


Butembo, 24 Aprili 2025

Kasoki,

Kristo amefufuka, nasi tulisherehekea kwa majani ya sombe na samaki mmoja mkavu. Kaswera alikwenda misa akakaa nje, anasema ndani hakuna hewa. Hongera kwa mjukuu.

Sasa, Kamate! Nilisoma jina hilo nikaiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Umesahau alichonifanyia huyo shemeji yako? Tulipokuwa tunamlilia marehemu Darius, mume wako, ndugu yake huyo alilala jikoni kwangu siku zote za matanga, akachomoa vioo vya nako kimoja kimoja kutoka kwenye vishikio, akaenda kuviuza sokoni. Tulipoamka jiko lilikuwa wazi, upepo unazima mkaa, na yeye amelewa. Leo unaniletea habari zake, eti nijue anavyokula maharagwe! Tangu lini nimekaa meza moja na Kamate? Mtoe nyumbani kwangu. Ana ndugu wengine, awaendee. Atakunywa hadi fremu za madirisha.

Na rido, hapana. Fikiria kama mtu wa mjini. Anayepita njia ya ziwani akiona nyumba ya Himbi imezibwa mchana kutwa atajiuliza kuna nini humo. Akikuta kioo, atajitazama, atatengeneza kola ya shati lake, atakwenda zake. Nyumba iliyo wazi haiulizwi maswali. Ninyi mafundi wa rido mkiona dirisha mnaona mahali pa kutundika nguo. Mimi nafungua nyumba za watu, wewe unakuja nyuma kuzifunga, na ndivyo tumekuwa tangu ujana. Safari hii nyumba ni yangu.

Bagalwa amefanya vizuri kukukatalia. Mwambie nimesema hivyo.

Umeandika tusihangaike na Kampala. Unajua jambo, au unatutuliza tu? Barua yako sikumsomea Kaswera, nilimwambia umetusalimu, basi. Analala na simu kifuani. Ikilia kwa matangazo ya kampuni anaruka, kisha analia. Mimi namwambia Gauthier ana akili, atapiga. Namwambia hivyo kila siku.

Constant


Goma, 18 Mei 2025

Yaya,

Mimi ni mzima, na mtoto wa Bénie ameanza kucheka. Hizo ndizo habari nzuri, nimezimaliza.

Barua yako nilikaa nayo uani nikalia, halafu nikakasirika, na hasira haijaisha. Kamate unayemsema, ndugu wa Darius, alihamia Walikale zamani, sijui kama yu hai. Hayuko hapa. Sisi Wanande tunawapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa, unajua vizuri kuliko mimi, na kila nyumba ina Kamate wake. Kwa Darius yupo. Kwa jirani yupo. Padri aliyemzika baba ni Kamate. Na kwetu yupo.

Zaidi ya hapo kalamu haiendi. Chukua barua yangu ile ya kwanza na hii, umpe Kaswera azisome kwa macho yake mwenyewe. Usimsimulie. Mpe.

Sasa nakuambia habari ya kioo chako, na usiseme naongea kama muuza rido. Jioni moja nilitoka kuanua nguo. Giza lilikuwa limeshashika na taa inawaka ndani. Nilipogeuka kurudi nikaona nyumba yako yote. Niliona picha ya harusi yenu ukutani, nikaona kikombe mezani, nikamwona Kamate amekaa kwenye mkeka anashona kifungo. Nilimpungia mkono, hakuniona. Nilisogea mpaka pua ikagusa kioo. Aliinua uso akatazama upande wangu kabisa, akajipapasa ndevu, maana alichokiona ni uso wake. Kioo chako kinamtumikia aliye gizani. Mchana aliye gizani ni sisi. Jua likizama ni yeyote anayepita njia ya ziwani, na siku hizi wanaopita huko saa hizo wana bunduki. Wewe unauza vioo hivi mchana, kwa wateja wanaokuja mchana. Nani amekwambia habari za usiku?

Tangu siku hiyo hatuwashi taa. Tunakula kabla jua halijazama, kisha tunakaa tu, kila mmoja anasikia mwenzake anavyopumua. Lakini homa imemshika, inampanda jioni, anatetemeka hadi meno yanagongana, na dawa siwezi kumpimia gizani. Nyumba nzima haina chumba kisicho na kioo hicho isipokuwa jiko, na jiko linatazama barabara, vioo vyake vya nako havizibi chochote.

Nilimpigia magoti Bagalwa. Alinijibu, "Mama, patron alisemaka bila karatasi yake nisifungule. Nikifungula, kazi inaisha, na mie niko na batoto." Simlaumu. Anaogopa kama sisi.

Mpe Kaswera barua. Nakuomba kwa jina la mama yetu.

Kasoki


Butembo, 12 Juni 2025

Kasoki,

Barua yako ilichelewa Kiwanja, dereva aliugua, imenifikia leo. Naijibu leo na pikipiki inasubiri mlangoni.

Kaswera amesoma. Zote mbili, kama ulivyosema. Alipofika kwenye maharagwe aliinuka akatoka nje, nikamkuta amekaa chini kwenye matope na kanga yake nzuri. Alisema neno moja. Siliandiki.

Kuna jina mtu anampa mtoto kwa sababu zamu imefika, halafu padri anampa lingine zuri, la shule, na baba anapenda hilo la shule hadi lile la kwanza linamtoka kichwani. Ni hayo tu ninayoweza kusema. Nimejipiga kichwa ukutani, Kasoki. Kaswera hasemi nami.

Karatasi ndogo iliyo ndani ni ya Bagalwa. Inasema: Mimi Constant, mwenye depo, nasema mfungulie dada yangu achukue anachotaka, na wewe ubebe mashine uende kumtobolea.

Toboa popote. Chukua lile gombo la kitambaa cheusi lililo nyuma ya mlango, ndicho kisichopitisha mwanga, ukitumie kama bitana, na upande wa nje uweke kitambaa cha rangi ya mchanga, ili mchana ionekane rido ya kawaida ya watu wa kawaida. Fimbo iwe ndefu kuliko dirisha, ipite mkono mzima kila upande, maana mwanga hauvuji katikati, unavuja pembeni. Kule juu ugongee ubao wa kufunika pengo. Chini kitambaa kifike sakafuni na kilale kidogo. Chumba cha nyuma weka rido mbili, moja juu ya nyingine. Lakini kwa nini nakufundisha? Ni kazi yako, wewe ndiye unayeijua. Funga, mdogo wangu. Funga madirisha yote.

Kamate alale chumbani kwangu, kitandani kwangu. Sweta langu la kijivu liko kwenye kabati, mpe. Mwambie baba mwenye nyumba anamsalimu sana, anamsalimu sana.

Constant


Goma, 29 Juni 2025

Yaya Constant, na wewe wifi Kaswera, kama unasoma hii kaa chini kwanza,

Sitaanza na salamu, mnisamehe. Sasa naweza kuandika jina lake, kwa kuwa hakuna tena wa kumficha. Gauthier amechukuliwa. Walimchukua Alhamisi tarehe 19, na barua yenu ikafika Jumatatu iliyofuata.

Nitasimulia yote mara moja, maana nikiikatiza sitaweza kuirudia. Siku ile homa ilimpanda kuliko siku zote. Alikuwa ameanza kuongea ovyo, anamwita mama yake, anasema maji ya ziwa yameingia chumbani. Nilikuwa na dawa ya maji ya kudunga, aliyonipa muuguzi wa parokia, na kuidunga gizani sikuweza. Nikawasha taa. Nilijiambia ni dakika chache. Nikamdunga, nikamfunika, nikaenda jikoni kuchemsha maji, na taa nikaiacha kwa sababu alinishika mkono akaomba nisiizime. Kijana mzima, Yaya, anaogopa giza kama mtoto. Nilishindwa kumkatalia.

Waligonga kwenye kioo cha chumba chake. Hawakugonga kwa nguvu, waligonga kwa kucha, kama jirani. Alidhani ni mimi niko uani, nimefungiwa nje. Nilimsikia anasema, "Shangazi, nakuja." Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama dirishani, mikono ameikinga pembeni mwa macho, uso umeshika kioo, anatafuta niko wapi. Wao walikuwa upande wa pili wanamtazama. Nilipiga kelele, lakini mkono wake ulikuwa umeshateleza dirisha. Nilivyozifagia reli zake kama ulivyoagiza, halikutoa hata sauti.

Waliingia kwa dirisha hilohilo, viatu vyao juu ya kitanda. Hawakunipiga. Mmoja alimuuliza, "Jina yako nani?" Akajibu, "Kamate." Nilikuwa nimemfundisha hivyo. Yule mwingine, kijana wa rika lake, ana Kinande safi cha Lubero, alicheka kidogo akasema, "Hata mie niko Kamate. Twende." Niliwaambia ana homa, wakagusa paji lake, wakasema kule kuna dawa. Waliondoka naye bila viatu. Nilimtupia blanketi kupitia dirishani, na sijui kama alilipata.

Bagalwa aliisoma karatasi yako Jumatatu ile, akafungua depo mbele yangu, akakaa juu ya magombo ya kitambaa akajifunika uso. Alisema, "Nisamehe, mama." Nilimwambia arudishe kufuli. Sitaki kutoboa ukuta wowote. Nyumba naiacha na madirisha wazi, anayeitaka aichukue, mimi siitetei.

Yaya, sikuandikii kukuhukumu. Nilipokuwa nakusubiri uniandikie neno lile nilikuchukia, nasema kweli. Sasa sina nafasi ya chuki. Nakuona ukiisoma hii umesimama, hutaki kukaa.

Wanawekwa kwenye uwanja wenye ukuta mrefu, huko juu ya mji. Kina mama tunapanga foleni asubuhi na chakula. Hatuoni mtu. Unataja jina, sufuria inaingia, unasubiri, sufuria inatoka. Ikitoka tupu unajua mwanao alikula, basi unarudi nyumbani na moyo kidogo. Mimi nimekuwa nikipeleka wali na mchuzi, na kila mara ilitoka tupu, imeoshwa kabisa. Mama mmoja aliniambia wanaoosha ni wao wenyewe watoto, wanafanya hivyo ili mama ajue. Niliishika sufuria hiyo kifuani njia nzima.

Leo imetoka imejaa. Kifuniko hakikuguswa, kitambaa nilichofungia bado na fundo langu. Nilimuuliza aliyenipa, akasema, "Mama, songea, bengine banangoja." Nilisimama pembeni mpaka foleni ikaisha, nikataja jina tena, yote mawili, Gauthier na Kamate. Akafunga kidirisha cha geti.

Kesho nitarudi na nyingine ya moto. Kaswera, kama ni wewe unayesoma, niombee. Kama ni wewe, Yaya, basi amua mwenyewe la kumwambia mama yake, mimi nimemaliza maneno.

Shangazi yake,
Kasoki